Arudi Uwanjani au Astaafu? Mjadala wa Mashabiki na Ubongo wa Mchezaji

Usiku wa tarehe 12 Septemba 2024, timu ya Miami Dolphins ilikuwa nyumbani ikicheza na Buffalo Bills katika NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Katika robo ya tatu ya mchezo, Tua Tagovailoa, kiongozi wa mashambulizi wa Miami, alikimbia na mpira yeye mwenyewe. Wachezaji wa nafasi yake hufundishwa kujitupa chini kwa kutanguliza miguu ili wasigongwe. Yeye aliinamisha kichwa akamvaa beki wa Buffalo. Alipoanguka, mkono wake ulibaki umekakamaa hewani kwa muda, ishara ambayo wataalamu wa majeraha ya kichwa huitambua mara moja. Ilikuwa mara ya tatu tangu ajiunge na ligi hiyo kuthibitishwa kuwa amepata mtikisiko wa ubongo.

Hata kabla ya kupambazuka, mashabiki walikuwa wamekwisha kugawanyika. Wapo waliosema astaafu mara moja, kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 26 tu na familia inayomtegemea. Wapo waliosema uamuzi ni wake peke yake, wala hakuna wa kumwingilia. Wengine walihesabu fedha: miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amekubaliana na timu yake mkataba wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 212.4. Kocha wa timu nyingine ya ligi hiyo alitamka hadharani kwamba angemshauri kijana huyo aache mchezo. Na wengi, pande zote, waliuliza jambo moja: atarudi lini?

Swali hilo si la mashabiki pekee. Huulizwa na wagonjwa, waajiri, wazazi na walimu kila mtu anapoumia kichwa. Ndiyo maana mjadala wa Tagovailoa una faida kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa, hata kama hawajawahi kutazama mchezo huo. Chini ya ubishi kuhusu timu kuna swali la kitabibu: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba mtu amepona, na kwa kipimo gani?

Hesabu za mashabiki

NFL ina timu 32, na kila moja hucheza michezo 17 tu katika msimu wa kawaida. Kwa kuwa michezo ni michache, kila mmoja una uzito mkubwa, na muda mrefu wa mwaka hubaki kwa ajili ya ubishi. Mashabiki hubishana juu ya nani asajiliwe, nani auzwe, na timu ipi ina matumaini ya kufika fainali. Kila mwaka, mwezi Aprili, timu huteua kwa zamu wachezaji chipukizi kutoka vyuo vikuu, na uteuzi huo hujadiliwa kwa miaka mingi baadaye.

Anayebishaniwa kuliko wote ni kwotabeki, yaani mchezaji anayepokea mpira kwanza, anayeusoma ukuta wa wapinzani na kuamua mpira utupwe wapi. Katika uteuzi wa mwaka 2020, Cincinnati Bengals walimchukua Joe Burrow akiwa wa kwanza. Miami walimteua Tagovailoa akiwa wa 5, na Los Angeles Chargers wakamchukua Justin Herbert akiwa wa 6. Tangu siku hiyo, mashabiki wa Miami hawakuacha kuulizana kama timu yao ilichagua vizuri kati ya hao wawili waliofuatana.

Ubishi huo ulihusu afya tangu mwanzo. Tagovailoa alikuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Alabama, aliyerusha pasi ya ushindi katika fainali ya taifa ya vyuo mwezi Januari 2018. Lakini mnamo Novemba 2019 nyonga yake iliteguka na mfupa ukavunjika, akafanyiwa upasuaji. Kwa hiyo mashabiki walijadili nyonga yake kama wanavyojadili mkono wake wa kushoto anaourushia mpira.

Nyonga ina sifa moja njema: hupigwa picha. Mfupa ukiunga, huonekana umeunga, na daktari, kocha na shabiki wanaweza kutazama kitu kilekile na kukubaliana. Ubongo haumpi mtu yeyote nafasi hiyo.

Siku nne za Septemba 2022

Tarehe 25 Septemba 2022, Miami walipocheza na Buffalo, Tagovailoa alisukumwa akaanguka na kisogo chake kikagonga ardhi. Aliinuka, akatikisa kichwa, akapiga hatua chache, kisha akayumba hadi wenzake wakamshika. Tukio hilo lilionekana na mamilioni ya watazamaji. Hata hivyo, alirejea kucheza kipindi cha pili, na timu yake ikashinda kwa pointi 21 kwa 19. Timu ilieleza kwamba kilichomyumbisha ni maumivu ya mgongo.

Siku nne baadaye, katika uwanja wa Cincinnati, alizungushwa na kubwagwa chini. Vidole vyake vilikakamaa na kupinda mbele ya uso wake. Alitolewa kwa machela na kupelekwa katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Cincinnati. Safari hii hakukuwa na ubishi kwamba ubongo ulikuwa umetikisika.

Ligi na chama cha wachezaji vilichunguza tukio la kwanza. Chama kilikwisha kumwondoa kazini daktari wa kujitegemea aliyehusika na uchunguzi wa mchezaji siku ile. Mwezi Oktoba 2022 ilitolewa taarifa ya pamoja: hatua zilizoandikwa katika mwongozo zilifuatwa, lakini matokeo hayakuwa yale yaliyokusudiwa. Mwongozo ukabadilishwa. Tangu hapo, mchezaji anayeyumba au kupoteza uwiano wa mwili baada ya pigo la kichwa harudi katika mchezo huo, hata akitoa sababu nyingine ya kuyumba kwake.

Katika siku nne hizo mashabiki walishuhudia ugumu wa jeraha la ubongo. Dalili ilikuwapo, ikaonekana wazi, lakini ilipata maelezo mengine yaliyofaa haja ya wakati ule.

Moyo uliosimama mbele ya wote

Beki ambaye Tagovailoa alimvaa mwaka 2024 alikuwa Damar Hamlin, na jina hilo lilikuwa tayari linajulikana na kila shabiki. Tarehe 2 Januari 2023, katika uwanja uleule wa Cincinnati, Hamlin alimkaba mpinzani na kupata pigo kifuani. Alisimama, kisha akaanguka chali. Moyo wake ulikuwa umesimama.

Kilichompata huweza kutokea pale pigo la kifua linapoangukia kipindi kifupi mno, cha sehemu ndogo ya sekunde, ambapo misuli ya moyo inajiandaa upya kiumeme kwa pigo linalofuata. Mapigo huvurugika, moyo hutetemeka bila kusukuma damu, na mtu huanguka hata kama alikuwa mzima kabisa dakika moja kabla. Tiba yake haingoji hospitali: ni kukandamiza kifua papo hapo na kutumia mashine ya kushtua moyo mapema iwezekanavyo.

Wahudumu wa timu walifanya hivyo hapohapo uwanjani. Mchezo ulisimamishwa na haukuendelea tena. Hamlin alipelekwa katika hospitali ileile ya Chuo Kikuu cha Cincinnati, na alipopata fahamu aliuliza kwa maandishi kama timu yake imeshinda. Mwezi Aprili mwaka huo madaktari walimruhusu kucheza tena, na alicheza.

Usiku ule hakuna shabiki aliyeuliza ni lini Hamlin ataendelea na mchezo. Moyo ukisimama, kila mtu huona, na ubishi hunyamaza. Ubongo ukijeruhiwa, majeruhi anaweza kusimama, kutembea, kujibu maswali, na hata kutabasamu. Kwa sababu hiyo majeraha mawili yaliyowapata wachezaji wawili wa umri mmoja, katika uwanja mmoja, ndani ya miezi minne, yalipokewa kwa namna mbili tofauti kabisa.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Ubongo huelea ndani ya maji yaliyomo katika fuvu. Kichwa kinapogongwa au kusukwa kwa nguvu, ubongo husogea na kujipinda, na nyuzi ndefu za seli za fahamu huvutwa. Chembe zenye chaji hupita kiholela katika kuta za seli, na seli hulazimika kutumia nishati nyingi kurejesha hali ya kawaida wakati ambapo uwezo wa kupata nishati hiyo umepungua. Hayo ndiyo yanayoleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kusahau, kuchukia mwanga na uzito wa kufikiri. Wengi wa wanaopata mtikisiko wa ubongo hawapotezi fahamu kamwe, na picha ya CT mara nyingi huwa ya kawaida. Picha hiyo hutafuta damu na mfupa uliovunjika; haionyeshi uchovu wa seli.

Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki mbili, na watoto huweza kuchukua hadi mwezi mmoja. Hatari huongezeka pale pigo la pili linapokuja kabla seli hazijapona. Katika vijana, ingawa ni mara chache, pigo la namna hiyo huweza kusababisha uvimbe wa ubongo unaoua.

Kisha yapo madhara ya muda mrefu. Mwaka 2002, Mike Webster, aliyecheza misimu 17 na kutwaa ubingwa mara nne akiwa na Pittsburgh Steelers, alifariki akiwa na umri wa miaka 50 baada ya miaka ya kuchanganyikiwa na mateso. Daktari Bennet Omalu, mtaalamu wa uchunguzi wa maiti aliyezaliwa Nigeria na kusomea udaktari huko, aliuchunguza ubongo wake mjini Pittsburgh. Kwa macho ulionekana wa kawaida. Kwa darubini alikuta mrundikano wa protini iitwayo tau. Mwaka 2005 yeye na wenzake walichapisha matokeo hayo, na ugonjwa huo sugu wa ubongo, unaofahamika kwa kifupi cha CTE, ukahusishwa kwa mara ya kwanza na mchezaji wa ligi hiyo. Ligi ilipinga kwa miaka mingi. Mwezi Machi 2016, afisa wake mwandamizi alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba uhusiano upo.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitoa taarifa kwamba kati ya ubongo 111 wa wachezaji wa zamani wa NFL waliouchunguza, 110 ulikuwa na CTE. Takwimu hii hupenda kutajwa na mashabiki, na mara nyingi hutajwa vibaya. Haina maana kwamba asilimia 99 ya wachezaji wana ugonjwa huo. Ubongo ule ulitolewa na familia ambazo nyingi zilikwisha kuona dalili, hivyo haukuwakilisha wachezaji wote. Jambo lililo wazi zaidi ni kwamba hatari hupanda kadiri miaka ya kucheza inavyozidi, na kwamba mapigo madogo yasiyo na dalili nayo huhesabika. Kwa sasa CTE huthibitishwa baada ya kifo tu.

Hoja za mashabiki zikipimwa

Hoja ya kwanza iliyotolewa mwaka 2024 ilikuwa ya ushahidi wa uwanjani. Baada ya mitikisiko miwili ya mwaka 2022, Tagovailoa alijifunza mbinu za jiu-jitsu ili ajue kuanguka bila kugongesha kichwa. Mwaka 2023 alicheza michezo yote 17 na kuongoza ligi kwa yadi 4,624 za pasi. Basi, walisema, alikwisha kupona. Lakini takwimu zile zinaonyesha kwamba alicheza vizuri na kwamba aligongwa kichwani kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Hazionyeshi ubongo wake utavumilia nini baadaye. Mtu aliyewahi kupata mtikisiko huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata mwingine.

Hoja ya pili ilikuwa ya kofia. Baadhi ya wachezaji huvaa kifuniko laini juu ya helmeti, na mwaka 2024 ligi iliruhusu kivaliwe hata katika michezo rasmi. Mashabiki wengi walitaka Tagovailoa akivae. Alikataa, akisema ni uamuzi wake binafsi. Kofia na kifuniko hupunguza nguvu ya pigo, na helmeti huzuia fuvu kuvunjika. Lakini hakuna kofia inayoweza kuuzuia ubongo usisogee ndani ya fuvu. Ni kinga yenye thamani, isiyotosha peke yake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: ni mtu mzima, mwili ni wake, aachwe aamue. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ni kweli kwamba shabiki aliye mbele ya televisheni hawezi kuyapima maumivu ya mwingine. Maadili ya tiba nayo huheshimu uamuzi wa mgonjwa. Ila mtikisiko wa ubongo una utata ambao mguu uliovunjika hauna: kiungo kilichojeruhiwa ndicho kinachotumika kuamua. Katika saa za mwanzo, mgonjwa anaposema “niko sawa”, anayesema hivyo ni ule ubongo ulioumia. Hivyo uhuru wa mgonjwa hautoshi dakika tano baada ya pigo. Hurejea kuwa na nguvu yake kamili wiki kadhaa baadaye, dalili zikiwa zimekwisha na hatari zikiwa zimeelezwa kwa ukweli.

Kwa kiasi kikubwa ndivyo ilivyofanyika. Tagovailoa alikaa nje michezo minne na kuwaona madaktari bingwa wa ubongo. Katika michezo hiyo Miami walipata jumla ya pointi 40 tu na kushinda mchezo mmoja, na baadhi ya mashabiki waliotaka apumzike walianza kuhesabu siku. Alirejea tarehe 27 Oktoba 2024. Timu yake ilifungwa kwa tofauti ya pointi moja.

Upande wa pili wa mizani yupo Andrew Luck. Tarehe 24 Agosti 2019, kwotabeki huyo wa Indianapolis Colts, akiwa na umri wa miaka 29, aliamua kustaafu kwa sababu ya mzunguko wa majeraha, maumivu na matibabu yasiyokwisha. Habari zilivuja mchezo wa maandalizi ukiwa bado unaendelea. Alipokuwa akitoka uwanjani, sehemu ya mashabiki waliokuwa wakimshangilia kwa miaka mingi walimzomea. Sauti ile ni sehemu ya mazingira ya tiba. Mchezaji anayesitasita kutaja dalili zake anaisikia, na daktari wa timu anaisikia vilevile.

Nani aamue

Mwongozo wa NFL hujibu swali hili kwa kugawa madaraka. Tangu mwaka 2013 kila mchezo huwa na mtaalamu wa majeraha ya ubongo asiyeajiriwa na timu. Mchezaji aliyeumia hupitia hatua tano, kuanzia mapumziko, mazoezi mepesi, mazoezi ya nguvu, mazoezi ya mchezo bila kugongana, hadi ruhusa kamili. Ruhusa hiyo haikamiliki bila daktari bingwa wa kujitegemea. Mwaka 2022 ulionyesha kwamba hata utaratibu wa namna hiyo huweza kukosea. Msingi wake ni sahihi hata hivyo: mwenye faida katika jibu asiwe ndiye pekee anayelitoa.

Msingi huo hauhitaji utajiri wa ligi ya Marekani. Katika soka, bodi inayotunga sheria za mchezo iliruhusu kuanzia msimu wa 2024/25 mashindano yatumie nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo. Katika shule isiyo na daktari, mwalimu anaweza kushika kanuni moja tu: anayeshukiwa kuumia ubongo hatoki benchi siku hiyo. Katika kituo cha afya, abiria wa bodaboda aliyeanguka na kusema hana tatizo anastahili kuulizwa yuko wapi, ni siku gani, anakumbuka nini kabla na baada ya ajali, kisha asimame na kutembea mbele ya mhudumu. Ndugu aliyemleta aulizwe naye, kwa kuwa huona mabadiliko ambayo mgonjwa hayaoni.

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kuchelewa iwapo anatapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanazidi, anapata degedege, anasinzia na ni vigumu kumwamsha, anaongea kwa kukokoteza, mkono au mguu umelegea, mboni za macho hazilingani, au damu ama majimaji yanatoka puani au masikioni. Asipokuwa na dalili hizo, apumzike siku moja hadi mbili, kisha aanze shughuli nyepesi kidogo kidogo. Dalili zikirudi, apunguze kasi. Asiendeshe chombo cha moto, asipande ngazi za ujenzi, wala asicheze mchezo wa kugongana mpaka apimwe tena. Cheti cha mapumziko kieleze hatua hizo, si idadi ya siku pekee, ili mwajiri naye ajue anasubiri nini.

Mashabiki wataendelea kubishana kuhusu nani anafaa kuiongoza Miami, na ubishi huo ni haki yao. Bila huo mchezo hauna ladha. Mwenye kuvaa koti jeupe, au kipenga shingoni, ana wajibu mwingine. Akiulizwa “atarudi lini?”, anaweza kujibu bila kuona haya: atarudi atakapopimwa na kuonekana amepona, na atakayempima si yule anayemsubiri.